Samadi ya Wageni

Trekta lilikuwa limeshaondoka na samadi ya Mapenzi, tela limejaa pomoni, naye bado analifuata na jembe mkononi. Kiangazi kizima alikuwa akizoa mavi ya mbuzi zizini na kuyachanganya na mabua, maana shamba lake hapo Adu lilikuwa limechoka, na bila samadi ile mahindi yasingetoka.

"Naazima tu, mama!" bwana shamba Gerishom alimpigia kelele kutoka juu ya tela. "Wageni wa mradi wanakuja Jumatatu. Shamba la maonyesho lazima lipendeze!"

"Kuazima mavi! Utanirudishia yapi, yako?"

Dereva alicheka hadi akakohoa.

Shamba hilo la maonyesho lilikuwa mteremkoni, kando ya barabara. Mradi ulikuwa umeng'oa miti yote na kulifagia bila kuacha hata jani, likawa tupu kama uwanja wa ngoma.

"Mvua itaisomba yote pale!" Mapenzi alimwambia.

"Usafi ndio ukulima wa kisasa, mama."

Mapenzi akatema mate, akarudi.

Wageni walikuja, wakaishika samadi, wakapigwa picha. Kisha mvua kubwa ikanyesha, ikaisomba hadi korongoni. Mapenzi alipanda kwenye udongo mtupu, akavuna magunzi. Mumewe, Gona, alikwenda Bofa kutunza bustani ya hoteli, ambako maua hayakosi samadi. Gerishom alipandishwa cheo, akahamishiwa Malindi. Trekta liliharibika, na kuku hutaga kwenye kiti cha dereva.