Marobota Saba Uwanjani

Pamba inayotoka shambani huja na mambo yake: majani, udongo, kifungo cha shati, mara nyingine jiwe. Jiwe dogo likiponyoka kwenye chujio na kugonga misumeno inayotenganisha nyuzi na mbegu, hutoa cheche. Cheche nyingi hufa hapo hapo.

Adhuhuri ile, mashine ilipozimwa kwa usafi, Shangazi alikuta jiwe moja chini ya misumeno. Lilikuwa na mchubuko mpya, na meno mawili ya msumeno yalikuwa yamepinda. Hakuna aliyeona cheche. Lakini jiwe halikuwapo asubuhi, na tangu asubuhi yalikuwa yamefungwa marobota saba ya pamba. Yote saba yalikuwa tayari juu ya lori.

"Yashusheni," alisema.

Dereva, tuliyemwita Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizikanyaga, alitoa kichwa dirishani. "Mama, nimepakia, nimefunga turubai, chai nimekunywa. Kumetokea nini tena?"

"Huenda robota moja lina moto ndani."

"Moto? Na moshi uko wapi? Panapofuka moshi ndipo penye moto, mama yangu."

"Methali hiyo hakuitunga mchambua pamba."

Wapakuzi walicheka, kisha wakakumbuka kwamba kazi ya kushusha ni yao.

Baba alitoka ghalani akijifuta mikono. Ni mdogo wake Shangazi wa kumfuata, na kinu hiki cha kuchambua pamba anakijua sawasawa na yeye. "Dada, unajua ni lipi?"

"Sijui."

"Unajua kwamba lipo?"

"Sijui. Ndiyo maana hayaendi."

Kwa Baba hilo halikuwa jibu, na hakuwa peke yake. Shangazi alikuwa mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kukabidhiwa kinu, na ndugu zake walikuwa wamempa msimu mmoja tu wa kumtazama. Kiwanda cha nguo kilikuwa kinasubiri mzigo huo. Kuuzuia kwa sababu ya jiwe lisilozidi punje ya hindi kulikuwa ni kuwapa ndugu zake kisu na mpini wake.

Yanayojulikana ni haya. Pamba iliyoshindiliwa haibanwi kiasi cha kuisha hewa. Kati ya nyuzi hubaki hewa ya kutosha kulisha kaa la moto, isiyotosha kuwasha mwali. Pamba yenyewe huzuia joto lisitoke, kwa hiyo robota linaweza kufukuta moyoni huku ngozi yake ni baridi, kwa siku nyingi, hata kwa wiki. Ukilifungua ghalani, hewa huingia kwa mkupuo, na ghala huondoka.

Baba yake Babu ndiye aliyeling'amua hilo. Alifika hapa pakiwa pori, akajenga kinu cha kwanza kilichozungushwa na maksai, akakipoteza chote kwa moto uliozuka wakati mashine ilikuwa imelala siku nyingi. Alijenga cha pili, na akawaachia watoto wake amri moja: robota la shaka liwekwe uwanjani, mbali na mwenzake, lisifunguliwe, lingojwe. Babu aliirithi amri hiyo pamoja na injini ya dizeli. Shangazi aliirithi pamoja na umeme.

Basi marobota saba yakawekwa uwanjani, moja moja, kama watu waliogombana. Breki aliondoka na mzigo wa jana yake. Wafanyakazi wakayaita wageni.

"Shangazi, wageni wako wameamkaje?"

"Salama. Wanawauliza ninyi kazi mtaanza saa ngapi."

Baba aliyapitia kila asubuhi na kiganja chake. Yalikuwa baridi kama mtungi. Breki alirudi, akaondoka tena, akarudi, na kila mara alinusa hewa kwa madaha na kuuliza kama wali umeiva. Nilimwona mara mbili akisimama kati ya marobota, mikono nyuma, na sikuweza kusoma chochote usoni mwake.

Ndugu zake hawakungoja msimu uishe. Waliitisha kikao cha kuamua nani ashike kinu.

Asubuhi ya kikao, Baba alikwenda uwanjani kama kawaida, akakawia. Tulimkuta mbele ya robota la pembeni kabisa, ameweka kidole chini ya mkanda wa chuma. Mkanda huo hufungwa kwa nguvu za mashine. Mtu hawezi kupenyeza hata ukucha. Kidole chake kilipita chote.

"Limelegea," alisema. "Dada, ndani pamepungua."

Shangazi alimrudisha nyuma kwa kumshika ukosi, kama mtoto. Aliagiza mpira wa maji uvutwe hadi pale, akawaambia watu wakae upande unakotoka upepo, kisha akakata mikanda kwa mkasi wenye mikono mirefu.

Robota lilifunguka taratibu. Ganda lake lilikuwa jeupe, safi, pamba ya daraja la kwanza. Ndani halikuwa na pamba. Kulikuwa na pango jeusi ambalo mtoto angeweza kujikunja humo, na kuta zake zote zilikuwa nyekundu, zikififia na kukolea, zikififia na kukolea, bila moshi na bila sauti. Tulisikia harufu ndipo joto likatufikia. Kisha upepo ukaingia, na mwali ukasimama mrefu kuliko mlango wa ghala.

Hakuna aliyeufungua mpira wa maji. Breki alikuwa amevua kofia. Hata ndugu waliofika kwa kikao walisimama na viatu vyao vya mjini katika vumbi, wakitazama.

"Kumbe ni kweli," alisema Shangazi.

Baba alimgeukia. "Kumbe? Ina maana hukuwa umewahi kuliona?"

"Nani aliwahi? Hata baba yetu alisimuliwa tu."

Baba aliwatazama ndugu zake, kisha akauokota mpira wa maji na kuuelekeza kwenye moto.

"Na haya sita, dada?" aliuliza bila kugeuka. "Niyasogeze mbali zaidi?"

"Yasogeze."