Kuna Mtu

Kwa Scolastica, mgahawa ulio jirani na stendi ya Mpanda, watu hawaombi kiti kwa mdomo. Zamani upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga, na ukijifanya mstaarabu wa kuuliza "samahani, hapa pana mtu?" hakuna aliyekusikia. Kwa hiyo mteja akikuta nafasi anagonga meza mara mbili kwa kidole. Aliyekaa anajibu "karibu" au "kuna mtu", yamekwisha. Mashine ilishahamishwa, kugonga kumebaki. Ukikaa bila kugonga utatazamwa mpaka ushindwe kumeza chai.

Kaka yetu Eustace alikuwa anasafiri kwenda Mwanza kukatwa mguu. Sukari ilianza na macho, ikayamaliza, ikashuka chini. Kabla ya kupanda basi alitaka kitu kimoja tu, kunywa chai na mdogo wetu Thadei. "Nikifia huko, Agatha, nisife nimenuniwa," aliniambia. Nikamkaripia anyamaze, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kununiana kwao kulianza siku tulipomzika mama. Masika ile barabara ya Karema ilikatika, Thadei akakwama njiani, na Eustace kwa ukubwa wake akaamua mwili usingoje. Thadei alipofika Kakese, kijijini kwetu, alikuta udongo umeshasawazishwa. Hakupiga kelele. Alimwambia kaka, "Hukunisubiri," akarudi zake Karema, ziwani anakoishi. Tangu hapo kimya, miaka. Nimewasihi, nimewatukana, nimewapeleka kwa padri mmoja mmoja. Vichwa vigumu wote wawili, wamechukua kwa baba.

Safari hii nilimpigia Thadei, nikamwambia kaka anakwenda kutibiwa na anamwomba waonane kwa Scolastica. Habari ya macho sikuigusa, maana Eustace alikataza katakata. "Akija, aje kwa sababu ni ndugu yangu. Asije kuangalia kipofu." Thadei akasema, "Nitakuja, dada. Lakini aanze yeye kuongea."

Nilipomfikishia Eustace sharti hilo alicheka. "Nitaanza. Akikaa tu, naanza."

Asubuhi ya safari nikamkalisha meza ya ndani, mkono wake nikauweka juu ya kiti cha pili. Ukimtazama Eustace huwezi kujua. Macho yako wazi, na anayageuzia palipo na sauti, ungeapa anakuona. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Nikamwambia ninakwenda kuangalia mizigo, narudi sasa hivi.

"Nenda. Hiki hakikaliwi na mtu mwingine," akasema.

Mizigo ikanichelewesha. Kondakta alitaka ndoo yetu ya karanga ikae chini, mimi nilitaka ikae pale ninapoiona, tukabishana weee. Niliporudi nikakutana uso kwa uso na Thadei anatoka kwa Scolastica, kabeba mfuko wa samaki wa ziwani, migebuka mikavu.

"Umeniita nije kudhalilishwa, dada?"

"Nani kakudhalilisha?"

"Nimegonga meza. Kaninyanyulia macho, kanitazama hivi hivi, anasema kuna mtu. Mimi! Tena kiti kakishikilia nisije nikakaa."

"Thadei, haoni! Kaka haoni!"

"Haoni haya, ndiyo, hilo nalijua." Akanisukumia ule mfuko kifuani. "Mpe. Nilimletea."

Bodaboda ilikuwa imeshawashwa. Nilikimbia nyuma yake, mtu mzima mimi, khanga inanivuka, napiga kelele barabarani kwamba kaka ni kipofu, na watu wa stendi wakanicheka. Nikapiga simu, akaikata. Nikapiga tena, haipatikani. Nikamwandikia ujumbe, lakini nani anasoma ujumbe juu ya pikipiki, na hasira ile? Nilimchukia wakati ule. Nilimchukia na Eustace pia, na kiburi chake cha kuficha.

Ndani, Eustace alinitambua kwa miguu.

"Mmefika? Chai yake nimeshaagiza," akasema. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Kiti nimekilinda. Kagonga mtu mmoja tu, nikamwambia kuna mtu."

Nje basi likapiga honi. Ningeweza kumwambia barabara ni mbovu, Thadei atampigia akifika Mwanza. Mimi kudanganya sijui, na yeye siku hizi anasikia hata ninapomeza mate.

"Kaka, huyo alikuwa Thadei."

Mkono wake haukutoka kwenye kile kiti.

"Nilidhani mtaingia pamoja," akasema. "Mbona hakuniita?"

"Alikuwa anakungoja uanze."

Honi ikalia tena. Nikampitisha mkono kwapani kumnyanyua. Amekuwa mwepesi siku hizi, nilijikuta nimemnyanyua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alisimama kwa mguu mzima, akageuza uso upande wa kile kiti, mdogo wake alipokuwa amegonga.

"Hakuondoka mara moja, Agatha. Nilimsikia anapumua. Nikajua ni mzee mmoja kachoka, nikamwombea kwa Mungu apate pa kukaa."