Nyuso Thelathini

Shida ya watu wa maigizo ni kwamba ukiwatuma chumvi, watakurudishia hadithi ya chumvi. Nimewaongoza miaka kumi na moja na bado sijawazoea.

Ukumbi tunaoutumia ni wa Mama Mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Zamani ulikuwa ghala la mbao. Una viti themanini na ngazi tatu za kushukia, na vikundi vitatu vya mtaani hupokezana Jumamosi. Mama Mdogo hukaa mlangoni kwenye kiti chake cha mikono, akichana tiketi huku jukwaa amelipa mgongo. Kiti hicho hakikaliwi na mwingine, hata mimi.

Mwezi uliopita aliniambia kwamba muuza magodoro anautaka ukumbi uwe stoo yake. Nikaanza kumhutubia kuhusu sanaa, akanikatiza.

"Miaka yote hii nachana tiketi za watu walewale. Leo mnaigiza nyie, wenzenu wanacheka. Wiki ijayo wanaigiza wao, nyie mnacheka. Mnapika, mnapakua, mnakula wenyewe. Niletee nyuso thelathini nisizozijua, Jumamosi moja tu, na huyo wa magodoro nitamwambia atafute kwingine mwaka mzima."

Mchana kazi yangu ni kupima macho na kuuza miwani, na macho ya Mama Mdogo nimeyapima mwenyewe. Hayana kasoro. Nikajua hapa hakuna ujanja, ni kutafuta watu.

Niliita vikundi vyote vitatu, watu ishirini na wanne. Saa mbili nzima tuligombania bango, jina la nani likae juu. Mwishowe majina yakapangwa kwa duara ili asiwepo wa juu wala wa chini. Bango likatoka zuri kweli, nakala mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuweka tarehe. Nikaziandika kwa mkono, zote, usiku na asubuhi, vidole vikafa ganzi.

Kisha nikawaambia kila mmoja alete wageni wawili. Asiwe mwigizaji, asiwe aliyewahi kuigiza, asiwe hata anayefikiria kuigiza. Nikarudia mara tatu kama napima mtu macho. Wakaitikia wote. Swali lilikuwa moja tu, la Sinia, kama vikombe vitakuwa vilevile.

Huyu Sinia ni fundi bomba wa miaka arobaini. Kwa miaka sita nimempa kazi moja: kuingia na sinia la vikombe, kuliweka mezani, kutoka. Ukimpa sentensi, mikono yake inaanza kutangatanga kama inatafuta ufunguo mfukoni. Nilijaribu mara mbili nikakata tamaa.

Jumamosi, saa kumi alasiri, wageni wakaanza kuingia, nami moyo ukaanza kutulia. Walikuja wasusi kutoka saluni ya kona, walinzi wawili waliotoka zamu, na mteja wangu mwenye miwani mipya aliyeleta familia nzima. Mama Mdogo alichana tiketi huku midomo ikihesabu.

Ndipo akaja mama mjamzito mwenye mabega ya kubeba magunia. Alikuwa Kipara, mchekeshaji wetu, ndani ya wigi nililolichana kwa mkono wangu.

"Karibu, Kipara," Mama Mdogo alimwambia taratibu. "Ukijifungua salama utanijulisha."

Nyuma yake alikuja nesi, kisha bwana mwenye ndevu za sufi ambazo zimeshabandikwa kwenye michezo minne. Wote wetu. Mama Mdogo akawakaribisha kila mmoja kwa jina lake, wala hakuwahesabu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimvuta Kipara pembeni nikamuuliza wamefanya nini. Alijieleza bila aibu kwamba wageni ni kazi ngumu, wana maswali mengi, wanataka kujua mchezo unahusu nini, wakati yeye kuvaa mimba ni dakika tano.

Nyuma ya pazia nikakuta waigizaji watatu tu. Waliobaki walikuwa vitini wakijifanya wageni. Ikabidi nishuke kuwatoa mmoja mmoja kwa mkono, mbele za watu, na mjamzito akapanda jukwaani kuwa mwenyekiti wa mtaa. Wageni walicheka sana. Mimi sikucheka.

Tulipokaribia kuanza, akaingia mzee mmoja mwenye fimbo na miwani. Alimlalamikia Mama Mdogo kwamba magoti yake hayawezi ngazi, na kwamba mlango una upepo, na kwamba enzi zake mtu mzima hakusimamishwa. Alisema kwa upole, bila haraka, huku akihema. Na Mama Mdogo akanyanyuka. Akampisha kwenye kiti chake, akasimama kando yake mchezo wote, akimweleza nani mke wa nani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama jukwaa.

Zamu ya vikombe ikafika, Sinia hayupo. Nikamtafuta nyuma, nikamtafuta uani, hadi nikatupa jicho mlangoni. Taa ya jukwaani ilikuwa inampiga yule mzee usoni, na miwani yake haikung'aa. Ilikuwa fremu tupu, isiyo na vioo, ya dukani kwangu. Mikono yote miwili ilikuwa imetulia juu ya fimbo.

Mchezo ulipokwisha, Mama Mdogo aliinua sauti ukumbi mzima ukasikia.

"Thelathini. Sikutegemea."

Wenzangu wakaanza kushangilia, Kipara akirusha tumbo lake hewani. Ningenyamaza tu, mwaka mzima ungekuwa wetu. Lakini mwanamke huyu alinilea, na sijawahi kumdanganya usiku ukapita kabla sijakiri. Isitoshe nilikuwa nimechoka nao, nimechoka kabisa.

"Mama Mdogo, huyo si mgeni," nikasema. "Ni Sinia."

Mama Mdogo alimwinamia mzee wake, akapitisha kidole kwenye tundu la miwani, kikagusa kope.

"Huyu anayeleta vikombe?"

"Ndiye."

"Miaka sita mnamshikisha sinia?"

Mimi ndiye ninayejisifu kwamba napima macho ya watu.

Kisha Mama Mdogo akatoa hukumu. Wageni ni ishirini na tisa, na ahadi ilikuwa thelathini, kwa hiyo mwaka hatukuupata. Ila muuza magodoro atasubiri miezi miwili. Ndani ya miezi hiyo anataka mchezo mmoja, Sinia akiwa mbele mwanzo hadi mwisho, na yeye mwenyewe akiwa amekaa ndani akitazama kama watu.

"Akinifanya nisimwone yeye tena," alisema, "ukumbi ni wenu. Asipoweza, mtanisaidia kupanga magodoro."

Wote tukamgeukia Sinia. Alikuwa amesimama, uzee umeshamtoka, fimbo ameiegemeza ukutani. Mikono ilikuwa imeanza tena, mara mfukoni, mara kiunoni, mara nyuma ya shingo.

"Sawa," alisema. "Lakini nitashika nini?"