Chumba cha Hawe Kahaso

Mpangaji wa mwisho wa Hawe Kahaso alikuwa akilaza mbuzi chumbani. Hawe aliwasikia wakilia usiku kucha, akanyamaza. Kijana yule alikuwa wa mbari yake, na mtoto wa mbari humfukuzi. Unamwombea tu apate kazi mbali. Dua ilijibiwa. Kijana aliitwa kazini Lamu, akaondoka na mbuzi wake.

Safari hii binti yake, Dorcas, alimkalisha barazani pale nyumbani kwao Tezo.

"Mama, kila atakayekuja muulize mambo yale yale. Anafanya kazi gani, atakaa na nani, na mwenye nyumba wake tumpigie simu. Wa kwanza kutimiza ndiye apewe. Habari za mbari baadaye."

"Nitamsalimuje mtu bila kumuuliza mbari?"

"Marahaba yatosha."

Hawe aliona huo ni ukavu, lakini alikubali. Kisha akaingia jikoni, maana hata mtu wa kuulizwa maswali ni mgeni, na mgeni hatoki kwake na njaa.

Wa kwanza alikuwa Nelly, mfuaji wa nguo hospitalini mjini Kilifi, mtoto mgongoni. Alimshusha, akajibu akiutazama mkeka.

"Nitakaa na huyu tu, Hawe. Kwingine wameniambia nirudi na mume. Na tunapokaa panabomolewa Jumatatu."

"Sikukuuliza mume, mwanangu. Nimeuliza mtakuwa wangapi."

"Wawili."

Dorcas akampigia mwenye nyumba wake Nelly. Simu haikupokelewa. Wakiwa wanangoja, akatokea Lewis, fundi wa umeme, anacheka tangu mlangoni.

"Shikamoo, shangazi. Mimi ni wa kwenu kabisa, babangu na marehemu kakako ni mbari moja."

Hawe alishtukia ameshamvutia kiti kizuri, kile chenye mto. Dorcas akakohoa.

"Dada ana kifua?" Lewis akauliza.

"Kimemwanza sasa hivi," alijibu Hawe.

Nelly alikiona kile kiti. Akaanza kumfunga mtoto mgongoni taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Kaa, hujala," Hawe akamwambia, akaleta sima na samaki wa nazi. Lewis naye aliulizwa yale yale, akajibu vizuri yote. Mtoto alikuwa akinyakua sahani ya mamake, basi Lewis akampokea bila kuombwa. "Lete huyu bosi, wewe ule." Akampakata mpaka Nelly akamaliza, chakula chake mwenyewe kikipoa. Hawe aliliona hilo, na moyo ukamwelemea upande wa Lewis zaidi.

Ndipo simu ikalia. Sauti ya mama mwenye nyumba wake Nelly ikajaa barazani: Nelly? Huyo alikuwa akifagia hata mbele ya milango ya wenzake. Kodi ilichelewa mara moja, naye alikuja kusema mapema. Angekuwa na nyumba nyingine asingemwachilia.

Dorcas akamtazama mamake. Hakukohoa.

Hawe alisugua magoti. "Lewis, mwanangu, wewe ni damu yangu. Lakini huyu alikuja kwanza, na ametimiza. Chumba ni chake."

Lewis alitafuna kwanza, akameza.

"Yaani shangazi unanikataa na samaki wako mdomoni mwangu?"

"Nilitaka ukataliwe umeshiba."

Lewis akacheka mpaka mtoto akaruka mapajani mwa mamake. "Basi niongeze. Wa kukataliwa hali kidogo." Hawe alimwongezea kichwa cha samaki, ambacho hapo nyumbani hapewi mtu ovyo.

Nelly alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akavuka ua, akafungua. Chumbani hamkuwa na kitu. Alimweka mtoto chini, naye akatambaa moja kwa moja hadi ukuta wa mbali, akaupiga makofi.