Jibu la Kila Siku ya Nne

Mume wangu alikuwa ananijibu kila siku ya nne, na kila mara kwa maneno yaleyale: "Asante kwa barua yako. Nimesafiri kidogo, nitarudi karibuni. Nikirudi, wewe ndiye nitakayekujibu kwanza. Gachanja."

Usinionee huruma upesi. Nilijua ni mashine. Gachanja alikuwa dereva wa watalii, na kila alipotaka kuingia barabarani alitega jibu hilo kwenye barua pepe yake lijitume lenyewe, ili Mzungu akiandika kutoka kwao asidhani amepuuzwa. Kila Mzungu aliahidiwa kuwa wa kwanza. Nilikuwa nikimtania kwamba anaahidi kama mtu anayetafuta kura. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa Desemba 2007, kura zenyewe zikiwa bado zinahesabiwa na majirani wameanza kutazamana vibaya, alilitega tena. Jumapili asubuhi akaondoka na gari kwenda kumchukua mama yake kule juu Molo kabla ghasia hazijamfikia. Mama alifika Nakuru Jumatano, kwa lori, pamoja na majirani zake na nguo aliyokuwa amevaa. Hakuwa amemwona mwanawe. Walipishana njiani, na hakuna aliyejua walipishana wapi.

Nilimtafuta kwenye mahema ya wakimbizi katika uwanja wa maonyesho, nikamtafuta polisi, hospitali, na kule kwingine ambako mke huingia akiomba asimwone mumewe. Hakuwepo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Tarehe kumi na moja Januari niliingia saiba, duka la intaneti, nikamwandikia, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya. Jibu lilirudi kabla sijainuka kitini, nikalia mbele ya watu.

Kesho yake niliandika tena, jibu halikuja. Baadaye nikagundua mashine ile humjibu mtu mmoja mara moja tu katika siku nne. Basi nikawa naandika kila siku ya nne, bila kukosa. Nilimwambia bomba la jikoni linavuja, nikamwambia mama amekataa kulala kitandani mwetu eti si chake. Jamani, nilimtamani. Nilitamani hata soksi zake chini ya meza, zile nilizomgombezea miaka tisa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi lake lilikuwa linanifikia, na sikutaka mtu yeyote aniguse hapo.

Mwenye saiba alikuwa Mzee Pritam, Kalasinga aliyetengeneza malori miaka thelathini kabla mgongo haujamshinda. Kompyuta aliiendea vilevile, akitaka kujua kila nati. Ni yeye aliyemfundisha Gachanja kutega lile jibu. Alitukemea sisi wateja kutwa nzima. "Hii barua pepe iko na gia tano," alikuwa akisema, "lakini watu ya Nakuru munaendesha na namba moja mpaka Nairobi. Kuna mahali ya kupanga barua kwa mafungu. Kuna mahali ya kutafuta jina moja ndani ya barua elfu. Hamuulizi!"

Ijumaa moja mwishoni mwa Aprili alisimama nyuma ya kiti changu.

"Abby, hii akaunti ya bwana yako, alifungua mara ya mwisho lini?"

"Ile Jumamosi. Ishirini na tisa Desemba."

Akahesabu kwa vidole. "Basi Jumanne inaisha. Hawa watu, ukikaa miezi nne hujafungua, wanafunga. Wanafuta yote. Barua yote, hata hiyo jibu yake."

Neno la siri la Gachanja sikulijua. Hatukuwa watu wa kupekuana. Pritam akavuta kiti. Alisema kuna njia wasiyoijua wengi: ukibonyeza kwamba umesahau neno la siri, mashine inakuuliza swali ambalo mwenyewe alilichagua siku ya kwanza. Ukijibu sawa, inakufungulia. Ukikosea mara tatu, inakufungia nje.

Akabonyeza. Swali likatokea: "Binti yako wa kwanza anaitwa nani?"

Sisi hatukuwa na binti. Hatukuwa na mtoto. Nilikuwa nimepoteza mimba mbili, na baada ya ile ya pili tukaacha kulizungumzia jambo hilo. Sasa naulizwa binti wa kwanza! Nikaandika "Hakuna." Mashine ikakataa. Damu ikanipanda kichwani. Nikamkumbuka mhudumu mmoja wa hoteli Naivasha, mkaaji wa mtaa wa Kihoto, ambaye siku moja alipokea simu ya mume wangu akacheka kabla ya kumpa. Alikuwa na msichana mdogo aitwaye Tanya. Nikaandika "Tanya" kwa kidole kimoja, nikibonyeza kila herufi kwa nguvu. Mashine ikakataa.

"Simama, mama," Pritam akasema, akaniondolea mkono. "Umebakisha moja. Enda nyumbani, kunywa maji."

Sikunywa maji. Niliingia nyumbani nikamkuta mama yake, Wariara, akichambua maharagwe mlangoni, nikamsimamia kichwani kama askari. Kwa miezi minne nilikuwa nimemheshimu mama huyu. Dakika ile heshima ilinitoka.

"Mama, niambie ukweli. Gachanja ana msichana nje?"

"Msichana gani?"

"Binti wa kwanza! Kompyuta inasema yuko na binti wa kwanza na ati ana jina!"

Mama hakushtuka. Alipuliza maganda kwenye ungo, akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyesahau njia ya kwao.

"Abby, si wewe pia ni wetu? Msichana wa kwanza wa Gachanja ni mimi. Ukizaa kesho ni mimi. Ukizaa wakati nimekufa ni mimi. Sasa jina unauliza nani?"

Nilikaa chini pale kizingitini. Nilijua mila hiyo tangu utoto: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mimi mwenyewe nimepewa jina la mama wa baba yangu, hilo la nyumbani, kabla ya hili la kanisani. Hasira ndiyo ilinifumba macho. Mtu aliyekuwa haongei nami habari za watoto alikaa saiba, akasomewa maswali kumi, akaliacha la mji aliozaliwa na la mwalimu wake wa kwanza, akachagua la binti. Alikuwa anamngoja. Tulikuwa tunamngoja wote wawili, kila mtu peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili.

Nilimwomba mama msamaha. Akaniambia nirudi kabla hawajafunga.

Nikaandika "Wariara." Mashine ikafungua, na ile miezi minne ikaanza kuhesabiwa upya.

Mbele yangu zikajipanga barua zaidi ya mia mbili, zote zimekolea weusi kwa kuwa hazijasomwa. Ishirini na nane zilikuwa zangu, pamoja na ile isiyojibiwa. Sikuzigusa. Pritam akanionyesha mahali pa kutafuta, nikaandika "Molo", zikabaki tatu, zote za mtu mmoja: Hezekiah, aliyemalizia kila barua "mwalimu wa shule ya msingi, Molo", ambaye sikuwahi kumsikia.

Ya kwanza ilikuwa ya tarehe nane Januari. "Bwana Gachanja, gari yako iko salama hapa shuleni. Ulisema barabara imefungwa na unaenda kwa miguu kumtoa mama, utarudi jioni. Sijakuona na simu haishiki. Nimeanza kuulizia watu nyumba kwa nyumba. Nijulishe."

Ya pili ilifuata baada ya dakika tano. "Bwana, asante kwa kunijibu. Nimemshukuru Mungu, kumbe uko salama. Basi naacha kuulizia. Gari nitakutunzia."

Ya tatu ilikuwa ya Machi. Alisema gari bado lipo na kwamba amelifunika kwa turubai kwa sababu ya mvua.

Nilizisoma mpaka Pritam akaweka mkono begani mwangu. Kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua Gachanja alielekea wapi kwa miguu, na alikuwa akimtafuta, na ni jibu lile lililomwambia aache. Jibu langu lile, nililokuwa nikilijia kila siku ya nne kama dozi. Wote walioandika walikuwa wameambiwa anarudi karibuni, kwa hiyo hakuna aliyeuliza yuko wapi.

"Hii unaweza badilisha," Pritam alisema kwa sauti ya chini. Akafungua kisanduku lilimoandikwa jibu. "Kila mtu akiandika, atapata maneno yako. Lakini nafasi ni moja tu. Ukiandika yako, yake inatoka."

Maneno yake ninayo, nakala ishirini na saba, ningeweza kuzisoma nikitaka. Lakini nakala imelala tu. Nilichokipenda ni kule kuja kwake, kwamba nimeita na kitu kimeitika. Nililia bila aibu, na Pritam akawazuia wateja wasikaribie. Kisha nikafuta, herufi moja moja, kuanzia jina lake kurudi nyuma. Nikaandika: "Gachanja hajaonekana tangu Jumapili tarehe thelathini Desemba, upande wa Molo. Kama umemwona au unajua lolote, tafadhali nijibu. Mke wake." Nikaweka namba yangu ya simu chini.

Mwalimu Hezekiah nilimwandikia papo hapo. Alinipigia jioni ileile. "Mama, mimi niliacha kwa sababu alinijibu," alisema. Nikamwambia najua, hata mimi alinijibu. Jumatatu tulikwenda na mama tukalichukua gari. Hezekiah alitupeleka mpaka mwanzo wa njia aliyoingilia Gachanja, akatuahidi kwamba ataanza tena kuulizia, nyumba kwa nyumba, pale alipoachia.

Jumanne ilikuwa siku yangu ya nne. Miguu yenyewe ilinipeleka saiba. Nilimwandikia mume wangu kwamba gari limefika, kwamba mama ameliosha kwa mikono yake, kwamba swali lake nimelijibu na jina limekubali. Nikatuma, nikangoja kama nilivyozoea.

Jibu likaja. Liliniambia Gachanja hajaonekana tangu Jumapili tarehe thelathini Desemba, upande wa Molo. Liliniuliza kama nimemwona au ninajua lolote, na likaniomba tafadhali nijibu.

Nikajibu. Nikaandika, "Bado sijamwona."