Raisa Apelekwa Pwani

Jumamosi moja ya Julai, mwaka 1996, Mahfudh alitia chupa ya chai na sambusa kwenye buti la gari, akafunga nyumba yao ya Saint Paul, Marekani, na kumpeleka mkewe Raisa pwani. Pwani yenyewe ilikuwa ya ziwa, lakini ng'ambo haionekani na meli kubwa hutia nanga, kwa hiyo Mahfudh aliiita bahari na hakupenda kusahihishwa. Miji miwili inatazamana hapo, Duluth na Superior, na daraja katikati.

Raisa alikalia mito ili aone nje. Alipoolewa Mombasa, mabega yake yalilingana na ya mumewe. Lakini kila aliyetazamwa na Mahfudh kwa dharau alipungua kimo. Enock, mwenzake wa ofisini, alikosea kutamka neno la Kiingereza mkutanoni, na tangu siku hiyo alifungua kabati kwa kupanda kiti. Raisa alikuwa amepungua polepole: kwa pilau iliyoungua, kwa kucheka mbele ya wageni, kwa kuuliza maswali. Kwanza alikunja pindo za nguo zake. Baadaye alinunua za watoto, ambazo zilikuwa na rangi nzuri zaidi.

Duluth ilimpendeza Mahfudh. Walitembea ufukweni, penye mikahawa yenye vitambaa mezani.

"Hawa ndio watu," alisema. "Wako organized."

Mzungu mmoja mwenye viatu vyeupe alimkanyaga Raisa mguu. Aliyeomba radhi ni Mahfudh, tena mara mbili, akiwa ameinama. Raisa alimtazama mumewe kutoka kisogoni hadi visiginoni, akamdharau kwa moyo wake wote. Mahfudh hakupungua hata kidogo. Dharau ya Raisa ilikuwa ya kawaida tu.

"Sasa twende kwa Kaka Jumaa," Raisa alisema. "Uliniahidi."

"Superior? Kule ni kutu na ma-warehouse."

"Ni kwa ndugu yangu."

Wakavuka daraja. Jumaa ndiye aliyemlea Raisa baada ya wazazi wao kufariki, na sasa alikuwa akipakia ngano melini. Alikuwa pandikizi la mtu. Aliwangoja mlangoni mwa nyumba yake ya mbao akiwa amevaa shati la Idi, na ndani alikuwa ameshapika wali wa nazi na samaki wa ziwa. Raisa aliporuka kutoka garini, Jumaa alipiga goti ili wasalimiane.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mamangu."

Alimwangalia sana, kisha akasimama.

"Shemeji," alimwambia Mahfudh, "mimi nilikuoza dada yangu akiwa mtu mzima. Mwache akae kwangu. Huenda akakua tena."

Raisa alishika mguu wa suruali ya kaka yake. "Mimi nataka kubaki," alisema.

Mahfudh alikuwa ameshaketi. Alitazama sahani zisizofanana, akatazama vumbi la ngano kwenye kucha za Jumaa.

"Abaki na mpakia magunia?"

Jumaa alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Alianza kupungua akiwa bado anaeleza kwamba chumba kipo, na shule ya kujifunza Kiingereza iko karibu. Bakuli lilimzidi nguvu, akaliweka sakafuni. Shati la Idi likamfika miguuni kama kanzu.

Walikula kabla wali haujapoa. Mahfudh aliongezewa samaki, akasema hawana chumvi.

"Jumatatu utafanyaje kazini?" Raisa alimnong'oneza kaka yake.

"Kuna kazi ya kusafisha mabomba kwa ndani," Jumaa alisema. "Siku zote wanatafuta watu wadogo."

Baada ya chai Mahfudh alimchukua Raisa kwapani. Raisa alimpiga teke, akamng'ata mkono, na Mahfudh akamhamishia kwapa la pili. Alimfunga mkanda, akawasha gari. Jumaa alikimbia kando ya gari akiinua mkono, lakini dirisha hakulifikia.

Walirudi kwa barabara ya I-35, jua bado liko juu. Mahfudh aliimba kidogo. Alisema mwakani angempeleka tena, maana wanaume wengine hawawatoi wake zao hata kwenda dukani.

"Sema asante," alisema.

Raisa alisema asante. Redio ilikuwa imefunguliwa kwa sauti na Mahfudh hakumsikia, kwa hiyo aliizima, akamwambia aseme tena.