Injini Ilipozimwa

Mume wangu si bubu, jamani, msimfikirie hivyo. Alikuwa msemaji wa kuvunja watu mbavu, na siku za mwanzo za ndoa yetu mimi ndiye niliyekuwa nikimwomba anyamaze nipate usingizi. Kinu cha kusaga nafaka ndicho kilichomla masikio, kidogo kidogo, mpaka nyumbani akawa anakula, anaitikia kwa kichwa, analala. Nikimwita kwa sauti ya kawaida hasikii. Nikipaza, anaona namgombeza. Basi ananyamaza. Nimemkosa mtu ninayelala naye kitanda kimoja, na hamu ya namna hiyo unamwambia nani?

Kazi yangu ni kupima kelele viwandani. Tajiri wa kinu alipofunga kasha jipya la kuzuia kelele kuzunguka injini, na raba nene chini yake za kuzuia mtetemo, nilitumwa mimi na mwenzangu tuone kama vinafanya kazi au ni mapambo tu. Kabla ya kasha kufungwa tulishapima. Sasa tukapima tena, mahali palepale, mashine ikisaga mzigo uleule. Tulisimama mlangoni mwa ghala ambamo mume wangu hushona midomo ya magunia. Alikuwa ametupa mgongo, vifunika masikio kichwani, maana daktari alimwambia alinde kilichobaki.

Kelele ilikuwa imeshuka vizuri. Kilibaki kipimo kimoja: injini izimwe, tupime kelele za nje peke yake, zisije zikahesabiwa kuwa za injini. Mwenzangu akampungia fundi mkono, injini ikazimwa. Tukatulia.

"Viazi vya jana vilikuwa vitamu," sauti ikasema.

Mwenzangu akanitazama. Nikashika fremu ya mlango. Ni yeye! Zamani alijua injini imezimwa kwa sakafu kuacha kutetemeka chini ya miguu yake. Sasa raba zilikuwa zimemaliza mtetemo wote, na maskini hakuwa na habari. Alidhani bado inanguruma na kuyameza maneno yake.

"Nilitaka kukwambia, mama watoto, ila nilijua utajibu nisisikie, niulize 'eti?', urudie, niulize tena. Nikaona aibu." Akavuta uzi. "Na fundi wetu leo kaanguka kwenye pumba, ungemwona! Mzima mzima!"

Akacheka peke yake. Lo, kicheko kile! Sijui mara ya mwisho nilikisikia lini. Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Anatuharibia kipimo," mwenzangu akaninong'oneza. "Nikamguse anyamaze?"

"Thubutu! Ukimgusa tutagombana hapahapa."

Fundi naye, kidevu bado cheupe kwa pumba, akauliza kwa ishara kama awashe. Nikamkatalia kwa kichwa.

"Mama watoto," mume wangu akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepoa. "Umenichoka?"

Sindano ikabaki hewani. Alikuwa akisubiri jibu, wallahi, kama mtu aliyeuliza swali akamtazama mwenziwe usoni.

"Sijakuchoka," nikasema. Ilitoka kwa sauti ndogo, kavu, na kwa masikio yale isingefika hata nusu ya njia.

"Haya," akasema, akirudi kwenye gunia lake. "Nitakuuliza tena kesho."

Kesho ya nini! Kumbe ananiuliza kila siku, na mimi niko nyumbani nimenuna nikidhani hana la kuniambia! Nikamtupia mwenzangu kifaa mikononi nikaingia ghalani. Aliponiona tu, akafumba mdomo kama afanyavyo nyumbani. Nikamvua vifunika masikio kwa mikono yangu, nikamshika mashavu aone midomo yangu vizuri.

"Sijakuchoka," nikamwambia. "Uliza lingine."